Bunduki Safi Kuliko Zote Kambini

Kwa nini bunduki iliyo safi kuliko zote kambini ndiyo inayokosa shabaha kuliko zote?

Swali hilo niliulizwa na Koplo Okeyo, askari wa wanyamapori katika bonde la Lambwe, asubuhi moja katikati ya miaka ya tisini. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ghala la silaha, bunduki mikononi, kama mzazi aliyemleta mtoto zahanati. Mimi nilikuwa na digrii ya kemia, blauzi iliyopigwa pasi, na maoni kuhusu kila jambo duniani isipokuwa hilo.

Nyinyi vijana mnaoingia katika kazi hii ya kutunza silaha mmezoea kunisikia nikisema, “Uliza.” Basi mjue kwamba kuuliza ndiko kulikonipeleka Lambwe. Wenzangu wa chuo walienda maabara na viwandani. Mimi kwenye usaili niliwauliza wazee wa idara kwa nini tangazo lao lilitaka “mwanamume mwenye nguvu” kwa kazi ya kupangusa mafuta na kufunga kufuli. Walicheka sana. Kisha wakanipa kazi, wakanituma mahali ambapo, nadhani, walitumaini mbung'o watanipunguzia maswali. Mbung'o walijitahidi.

Mkubwa wangu ghalani alikuwa Sajini Marwa, Mkuria wa upande wa Kehancha, mwenye mashavu ya mtu anayetafuta sababu ya kucheka. Siku ya kwanza aliniita Digrii, na mpaka anastaafu sikusikia akitumia jina langu. Ulijua Marwa anakuja kabla hujamwona, kwa sababu funguo za ghala alizifunga pamoja na kitu cha shaba kilicholia kama kengele ya mbuzi. Kilikuwa kifupi kama kidole gumba, kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili, na tundu limepita katikati.

“Sajini, hiki ni nini?”

“Hicho? Nilikikuta kwenye kopo la vikorokoro nilipofika hapa. Kinafanya funguo zisipotee.”

“Lakini kilitengenezwa kwa kazi gani?”

“Digrii, si kila kitu kimetengenezwa kwa kazi. Angalia Barasa.”

Barasa, askari aliyesimama hapo karibu, alicheka kuliko sote. Yeye alikuwa mtu wa Bungoma, mlengaji bora kabisa wa kambi na mvivu bora kabisa wa kambi, na vyeo vyote viwili alivishika bila kujitahidi. Kopo lile lilikuwa na vishaba vingine kama hicho. Kimoja tulisimamishia mshumaa stima ilipokatika, kingine mpishi alikichukua akazibia chupa ya mafuta ya taa.

Bunduki zetu nyingi zilikuwa zile za zamani za kitako cha mbao, za kufyatua risasi moja moja. Nilizipenda kwa sababu hazifichi kitu. Hakikisha haina risasi, kisha hakikisha tena, hata kama aliyekupa ni mama yako mzazi. Toa bolti, kile chuma cha nyuma kinachofunga chumba cha risasi, weka ukucha wa kidole gumba mahali bolti ilipokuwa ili urudishe mwanga, chungulia kutoka mdomoni. Utaona mtutu kwa ndani umechongwa mifereji inayozunguka kama ngazi za mnara. Hiyo mifereji ndiyo inayoizungusha risasi iende moja kwa moja isipepesuke. Mkiona weusi ndani, huo ni moshi wa baruti. Mkiona wekundu, huo ni kutu, na mtu fulani ana maelezo ya kutoa.

Kuhusu mafuta, sikilizeni jambo hili. Mwaka mmoja mafuta ya bunduki yalichelewa kuletwa, na msimu wa mvua ulikuwa umeanza. Askari mmoja akaona haina haja ya kusubiri, maana mafuta ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, yamejaa tele Homa Bay na bei yake ni ya kirafiki. Akazipaka bunduki za kikosi chake zote. Zilimeta! Marwa alimsifu mbele ya gwaride. Siku ya tatu paka wa kambi alihamia ghalani. Siku ya nne alileta jamaa zake. Doria ikitoka, unaona askari wamejipanga mbele, paka nyuma, mikia juu. Baadaye mafuta yale yakakauka yakawa kama gundi, bolti zikawa hazifunguki, nasi tukashinda juma zima tukiosha bunduki kwa mafuta ya taa na kuwafukuza paka kwa ufagio. Mafuta ya samaki ni ya samaki.

Barasa naye aliwahi kuziba mdomo wa mtutu kwa gunzi la mahindi ili vumbi lisiingie. Wazo si baya ukilisikia haraka. Ila kukicha na baridi ya bonde, jasho la chuma linabaki ndani halina pa kutokea. Aliposukuma gunzi lile nje, lilitoka na rangi ya chai.

“Bunduki nayo inapumua,” Marwa alimwambia. “Ukilala na mto usoni utaamka?”

Lakini nilikuwa nawaambia habari za Okeyo.

Okeyo alikuwa mtu wa kisiwa cha Mfangano, ukoo wa wavuvi tangu kale. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Kwa vile mimi natoka Rongo, aliniita Nyar Rongo, binti wa Rongo. Hakuna aliyeitunza bunduki kama yeye. Asubuhi aliisafisha. Akirudi doria aliisafisha, hata kama hakufyatua risasi. Jumapili baada ya kanisa aliisafisha, wenzake wakamwambia amekosa kuoa mke wa pili kwa sababu tayari anaye. Marwa alimtumia kama mfano kwa kila askari mpya: “Muone huyu. Fanya kama huyu.”

Basi fikirieni aibu yake. Kila mwaka tulipakiwa kwenye lori kwenda kupimwa shabaha katika uwanja mmoja upande wa Migori. Mwaka ule Okeyo alianguka. Hakuanguka kidogo. Risasi moja ilienda kushoto, nyingine chini, nyingine hakuna aliyejua ilikoenda. Kanuni ilikuwa fupi: anayeanguka anapewa nafasi ya pili baada ya miezi michache, na akianguka tena anarudisha bunduki na sare, anaenda nyumbani. Okeyo alikuwa na watoto shuleni, na hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda.

Afande aliyekuwa mkuu wa kambi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mlengaji mzuri na aliamini hilo ni jambo la tabia. “Askari halaumu bunduki,” alisema. “Macho ya Okeyo yamechoka.”

Ndipo Okeyo akaja mlangoni kwangu na swali lile.

Nilianza na macho. Tulikuwa tumeshuka hadi Mbita kwa shughuli za kambi, nikamwonyesha boti mbali ziwani. “Imeandikwa nini ubavuni?”

Hakukodoa hata macho. “Imeandikwa ‘Nyasaye Ber’, na hiyo B imepakwa upya. Mwenye boti ni binamu ya shemeji yangu. Mashine yake ni mbovu.”

Mimi sikuiona hata rangi ya boti, sembuse hayo maneno ya ‘Mungu ni mwema’. Macho yakatoka katika hesabu.

Nikashuku risasi, lakini wenzake walitumia risasi za sanduku lilelile. Nikashuku kidude cha kulengea, nikakipima, kiko sawa. Nikachungulia mtutu, na ndani kuling'aa hata nikaona haya kwa bunduki nyingine. Kuhusu kuijaribu kwa kuifyatua, msahau: risasi zetu zilihesabiwa kama vidonge vya malaria, na bila amri ya afande hutoi hata moja. Kemia yangu ilinong'ona kwamba huenda chumvi ya baruti ya kizamani imekula chuma. Tukauosha mtutu kwa maji ya moto, tukaukausha, tukaupaka mafuta. Hilo ni jambo jema, endeleeni kulifanya kwa risasi za aina ile, lakini halikuwa jibu.

“Sajini, wewe unasemaje?”

Marwa alijikuna kidevu. “Safisha tena.”

“Ameshaisafisha.”

“Ndiyo nasema tena.”

Ndiyo ilikuwa dawa yake ya kila kitu, nami sikuwa na dawa nyingine ya kuishindanisha nayo. Okeyo akatii, akazidisha. Siku za nafasi ya pili zikazidi kukaribia.

Ilikuwa tena kule Mbita, upande wa kuvukia Rusinga, tumeenda na gari kununua samaki wa jikoni. Wanawake walikuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, na wanaume wakivuta kamba ya wavu kutoka kwenye maji. Nilikuwa nimesimama karibu na boti iliyopandishwa ufukweni. Ukingo wake ulikuwa umepigiliwa bamba la chuma, na katika lile bamba mlikuwa na mfereji, umeingia ndani kiasi cha kulaza penseli.

“Nani amechonga hapa?” nikauliza.

Mwenye boti aliniangalia kama mtu aliyeulizwa nani amelowesha ziwa. “Hakuna mwenye amechonga, madam. Ni kamba.”

“Kamba gani inakata chuma?”

“Hii ya nailoni. Ikilowa inashika mchanga, na mchanga nao unakula. Mbao ilikuwa inaisha, tukaweka bamba. Sasa bamba nalo linaisha.”

Okeyo akacheka. “Nyar Rongo, chuo hawakukufundisha kuvuta wavu? Njoo uone.” Akashika kamba, akaweka goti kwenye ubavu wa boti, akaivuta kwa kuilaza juu ya ukingo, mkono ukirudi mpaka nyongani. Alivuta mkono baada ya mkono, kwa mwendo mzuri kabisa, kila mara akiegemea upande uleule.

Niliwahi kuuona mwendo ule, na haukuwa ufukweni. Ulikuwa kwenye benchi nje ya ghala letu, kila asubuhi.

“Rudia,” nikasema.

Akarudia.

“Okeyo, kamba ya kusafishia mtutu wako uliitoa wapi?”

“Si zile za serikali zilioza? Nikajisokotea yangu. Nailoni ya nyavu, ya nguvu. Haiwezi kuoza hiyo, hata…” Akauangalia mfereji kwenye bamba. Akaiangalia mikono yake mikubwa. Kisha akasema kwa Dholuo jambo ambalo sitaliandika, maana wengine wenu ni wa kanisa.

Kwa ambaye hajawahi kusafisha bunduki namna ile: kamba ina kizito kidogo upande mmoja na kitambaa upande wa pili. Unaangusha kizito kutoka nyuma kilipo chumba cha risasi, kinatokea mdomoni, kisha unavuta mpaka kitambaa kipite chote. Ukivuta kamba ikiwa imenyooka na mtutu, hakuna shida. Ukivuta kwa kuilaza pembeni kama mvuvi anavyolaza wavu juu ya ukingo wa boti, kamba inasugua mdomo wa mtutu mahali pamoja. Na kamba ya Okeyo ilikuwa imekaa miaka kwenye begi moja na vumbi la Lambwe.

Tuliporudi tuliipeleka bunduki juani. Ndani kuling'aa vilevile. Lakini pale mdomoni kabisa, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anaangalia kwa sababu macho yote yalikimbilia ndani, upande mmoja wa duara ulikuwa umeliwa. Ukipitisha ukucha unakwama. Mdomo ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma. Ukiwa na pengo upande mmoja, moshi unatorokea hapo kwanza na kuipiga risasi kikumbo ikiwa ndiyo kwanza inatoka. Baada ya hapo haina mwenyewe.

Marwa hakukubali. “Uzi umekata chuma? Digrii, unaniambia kuku amemla mwewe.”

“Pitisha ukucha.”

Akapitisha. Akapitisha tena. Funguo zilikuwa zikilialia kiunoni mwake. “Lakini huyu ndiye mfano,” akasema polepole. “Huyu ndiye nawaambia wote wafanye kama yeye.” Nilimwona akiwaza ni wangapi waliomsikia. Kwa bahati nzuri, askari ni watu wasiosikia haraka.

Afande ndiye aliyesikia na hakutaka kuamini. Tulimweleza. Akasema kila bunduki ina namba, kila namba ina mtu, na mtu atapimwa kwa bunduki yake. Kuomba mtutu mpya kutoka Nairobi kungechukua mpaka mvua nyingine.

Kwa hiyo siku ile tulienda Migori na bunduki ileile. Katika lori hakuna aliyemtania Okeyo, na ukiona askari hawataniani, jueni hali ni mbaya. Pale uwanjani alilala chini, akalenga kama kitabu. Mbele kabisa, ndani ya shimo lake la usalama, mtu wa kuonyesha alama aliinua kibendera chekundu: hakuna kitu. Risasi ya pili, kibendera. Okeyo akaweka shavu kwenye kitako cha bunduki akabaki hivyo, kama mtu anayesikiliza ukutani.

Sijui nilitoa wapi sauti. “Afande, tunaomba utuonyeshe wewe.”

“Nini?”

“Vile bunduki hii inatakiwa kupigwa. Vijana wajifunze.”

Marwa alinibana kiwiko. “Digrii, utanifukuzisha na mimi nina ng'ombe wa kulipa mahari ya kijana,” alininong'oneza. Lakini afande alikuwa mlengaji mzuri, na mlengaji mzuri akiombwa mbele ya watu aonyeshe, hana mlango wa kutokea. Akavua kofia. Akalala. Akapumua vizuri, akabana taratibu.

Kibendera.

Barasa alianza kukohoa.

“Upepo,” alisema afande. Nyasi zilikuwa zimesimama tuli kama zimepigwa picha. Akafyatua tena.

Kibendera. Yule wa shimoni safari hii alikipunga kwa furaha, asijue anampungia nani.

“Huyo mtu ni kipofu?”

“Hapana, Afande,” akajibu Marwa, taratibu mno. “Ni mtu mkweli tu.”

Afande akakaa kitako pale chini. Akauleta mdomo wa mtutu karibu na uso wake, baada ya kutoa bolti, maana hata katika hasira alikuwa mtu wa kanuni. Akapitisha ukucha. Ulikwama. Sote tuliona umekwama.

“Leteni bunduki nyingine,” akasema.

Iliyokuwa karibu ilikuwa ya Barasa. Marwa alipochungulia ndani yake alifumba macho. “Barasa, humu kuna nani anaishi?”

“Sajini, nilikuwa napanga kuisafisha leo jioni.”

“Leo jioni ya mwaka gani?”

Okeyo hakucheka. Aliichukua, akahakikisha haina risasi, akaomba kamba ya kusafishia na kitambaa, akakivuta mara moja tu, kamba imenyooka, mkono ukienda mbele badala ya kurudi nyongani. Ilimchukua muda. Mikono yake ilikuwa inajifunza upya jambo ililolijua tangu utoto. Kisha akalala.

Kibendera hakikuinuka. Kilichoinuka ni kile kijiti chenye duara jeupe cha kuonyesha risasi ilipoingia. Kikaenda katikati. Kikashuka, kikarudi katikati. Risasi zikaendelea, kijiti kikarudi palepale, na mara moja tu kikasogea pembeni kidogo. Okeyo aliposimama, magoti ya suruali yamejaa udongo mwekundu, alitembea moja kwa moja mpaka kwa Barasa.

“Omera, ndugu yangu, bunduki yako ni chafu sana,” akamwambia. Kisha akamkumbatia.

Alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, akastaafu kwa wakati wake na kurudi Mfangano, nyavu zake na kamba zake zote za nailoni zikiwa mahali zinapostahili. Ile kamba ya bunduki Marwa aliichoma mbele ya gwaride, ikatoa moshi mweusi na harufu mbaya. Tangu hapo aliwaambia wapya: “Safisha inapohitaji, vuta kwa kunyoosha, na uangalie mdomo.” Mimi nikaongeza langu: chuma hakichakai kwa kutotunzwa tu. Kinachakaa pia kwa kutunzwa na mtu asiyeangalia anachokifanya. Usiniamini kwa sababu nimezeeka. Chukua bunduki, pitisha ukucha.

Sasa hili la mwisho. Nikiwa karibu kustaafu, na Marwa ameshazikwa kwao, nilipelekwa kozi Nairobi. Mwalimu alifungua sanduku la vifaa vya zamani ili tucheke jinsi babu zetu walivyofanya kazi. Akatoa kitu cha shaba, kifupi kama kidole gumba, kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili, na tundu limepita katikati. Akakichomeka kwenye mdomo wa bunduki kama zile zetu, kikakaa kama kofia. Kisha akapitisha kamba ya kusafishia katika lile tundu na kuivuta kulia, kushoto, juu, chini, vyovyote alivyotaka. Kilikuwa na kazi moja tu, alisema: kuizuia kamba isiguse mdomo wa mtutu. Kule Lambwe tulikuwa tukikisikia kikilia kila asubuhi, kabla hatujamwona Marwa.